Doa Juu ya Mlima

Mjomba aliniazima kamera yake ya kupigia picha za harusi kwa wiki moja, akanionya nisiilowanishe. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba kometi, ile nyota ya mkia, inakwenda kulizunguka Jua, na kabla ya kupotea kwenye mwanga wake itapita mashariki alfajiri. Kwetu Chaka mashariki ni mlima. Kwa macho sikuona kitu. Niliiweka kamera juu ya mfuko wa maharagwe, kwenye ukuta wa zizi, nikaiacha ikusanye mwanga polepole.

Baba alikuwa akienda kukamua. "Unapiga nini na hapo hakuna kitu?" aliuliza, na jioni akawachekesha majirani kwa habari zangu. Mimi si msemaji. Nilitaka picha moja tu imjibu.

Asubuhi ya kwanza kulikuwa na mawingu. Ya pili umande ukatanda kwenye lenzi. Ya tatu picha ikatoka: doa dogo la kijivu, kama pumzi kwenye kioo, juu ya bega la mlima. Kila siku kometi ilizidi kulikaribia Jua. Nilijua huenda nisipate picha nyingine.

Nikaipeleka picha hiyo kwenye memori kadi hadi studio, Nyeri mjini, ichapishwe kubwa. Nilimwambia kijana wa kompyuta kwamba ni picha ya nyota, akaitikia bila kuniangalia. Kazi yake kutwa ni kuondoa chunusi kwenye nyuso za maharusi. Nilipoirudia, anga kwenye picha ilikuwa safi, nyota zinang'aa kama chumvi. Doa halikuwepo.

"Nimekutolea ile uchafu," alisema kwa furaha. "Ungedhani umeshika lenzi na mkono ya chapati."

Nikamuuliza picha yenyewe iko wapi. Alikuwa amehifadhi yake aliyoisafisha juu ya ile yangu, ikapotea, na memori kadi ameifuta, kama wanavyomfanyia kila mteja ili arudi nayo ikiwa tupu. Nikasema asante.

Alfajiri iliyofuata nilirudi ukutani na kamera. Mwanga wa Jua ulikuwa umeimeza kometi.

Ndani nilimkuta Baba ameishika ile picha. Nilingoja kicheko. Badala yake alivaa miwani, akaipeleka dirishani, akaipekua kona kwa kona. Alikuwa anataka kuiona kometi yangu, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Ni ipi sasa?"

"Ilikuwa hapa," nikasema, nikiweka kidole kwenye weusi.

Akakiangalia kidole changu. Kisha akanirudishia picha, akachukua ndoo ya maziwa.