Nilikwenda Nakivale kumchukua mama siku ya mahafali ya mdogo wangu, akanipa mrija wa pili

Wakuu, heshima kwenu. Niko Gitega, nimekaa kwenye baraza ya nyumba yangu mwenyewe, naandika jambo lililonitokea mimi, si la kusimuliwa. Nitalieleza lilivyokuwa, hata pale ambapo sikupendeza.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mrundi. Nilikimbilia Uganda na wazazi nikiwa kijana, tukapewa kiwanja kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kijiji cha Misiera, karibu na Base Camp. Baba alifia pale na akazikwa pale. Baadaye mimi nilirudi Burundi na begi moja.

Leo nina diploma ya umeme. Nina mafundi wanne chini yangu. Nina nyumba ya vyumba vinne yenye bati la bluu, na uwanja wote nimemwaga zege, mvua ikinyesha hukanyagi tope. Wanaosema mkimbizi akirudi hawezi kusimama, waje waone.

Chumba kimoja ni cha mama. Kitanda kipo, dirisha linatazama mashariki, na msumari wa kutundikia rozari nimeupiga kwa mkono wangu.

Miaka mitatu nilimwambia kwa simu arudi nyumbani. Kila mara anageuza maneno, ananiuliza kama nimekula. Safari hii mdogo wangu Godelive, sisi tunamwita Gode, alikuwa anamaliza diploma ya ukunga huko Mbarara. Mama akasema, "Njoo kwenye mahafali. Siku hiyo nitakujibu."

Mimi nikalichukua hilo kama ndiyo. Nikawaambia majirani wote mama anakuja. Nikapanga na dereva wa Mbarara: siku ya kwanza mahafali, siku ya pili mpakani Mutukula, mama akiwa ndani ya gari. Nikaandika na hotuba ya kurasa mbili.

Nilipitia Tanzania, nikafika Misiera jioni, nimechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa amekaa kando ya mtungi. Pombe ya ndizi alikuwa ameipika mwenyewe, kwa ndizi za nyuma ya nyumba, zile alizopanda baba mwaka tuliofika.

Nilimwonyesha picha za nyumba kwenye simu. Alizitazama moja moja, polepole.

"Ni nzuri," akasema. "Inang'aa. Na hapa nyuma, umepanda nini?"

"Nimeweka zege, mama. Ni safi."

"Haya," akasema, akanirudishia simu.

Asubuhi tulitoka ukungu ukiwa bado umelala juu ya ziwa. Wakuu, ile asubuhi sijui niielezeje. Vilima vilikuwa vinatokea kimoja kimoja kama mtu anavichora, kisha vinafutika tena. Ng'ombe wa pembe ndefu walivuka barabara ndani ya weupe ule, ukawa unaona pembe tu, zinaelea. Mama alikuwa amejifunga kitenge chake cha sherehe, fundo begani, mikono imeshika pochi tupu.

"Gari hii inakwenda kama iko na mimba," akamwambia dereva.

Dereva akacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anatazama nje, midomo ikicheza kidogo, nikajua anaongea na baba. Nilitaka kumuuliza kuhusu lile jibu, nikashindwa. Tulipofika lami alikuwa amesinzia.

Mbarara tulimpitia Mama Brian, mke wa mwanajeshi. Gode alipanga chumba kwake kule Kakoba miaka yote ya masomo, baada ya familia hiyo kutoka kwenye nyumba za kambi ya jeshi. Mama huyu anaongea Kiswahili cha jeshi, hakina kona. Aliingia na kopo la maziwa kutoka kwao Bwizibwera, akalipakata safari nzima kama mtoto.

"Wewe ndiyo ile kaka ya Burundi?" akaniuliza. "Gode alisema uko mnene. Wapi? Hii ni suti tu ndiyo mnene."

Suti niliishonesha Bujumbura, ni kitambaa kizuri, lakini ndiyo, ilikuwa kubwa kidogo.

Chuoni palikuwa na mahema meupe, na upepo ulikuwa unayajaza na kuyaachia kama yanapumua. Majina yalisomwa kwa muda mrefu. Mama hakuketi. Mama Brian akamvuta kitenge.

"Mama, kaa. Hii kiti ni ya wewe."

"Nikikaa nitaamka usingizini," mama akajibu.

Sentensi hiyo imenikaa mpaka leo.

Jina la Gode liliposomwa, mama hakupiga vigelegele. Mama Brian ndiye alipiga, vya watu wanne. Mama alisimama tu, mkono kifuani, kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali.

Gode alipotoka jukwaani alivua joho lake akamvisha mama. Mama yetu ni mfupi. Joho lilimfikia chini likamfunika miguu, na alipotembea kati ya viti huoni hatua, unaona tu anasogea.

"Kaka, mbona macho mekundu?" Gode akanichokoza. "Tai inakunyonga?"

"Vumbi," nikamwambia.

"Vumbi la kwenye lami."

Tulirudi Misiera mchana huohuo, Mama Brian naye, na mama alikuwa bado ndani ya joho. Gode akamkumbusha kwamba ni la kukodi, kesho linarudishwa chuoni.

"Litarudi," mama akasema. Akafumba macho. Barabara nzima alikuwa ameshikilia ukingo wa ile mikono mipana ya joho kwa vidole viwili.

Sasa sikilizeni hapa, ndipo nilipokosea.

Majirani walikuwa wamekaa duara uani. Mtungi ukawekwa katikati, mrija ukatiwa. Mimi nilikuwa nimesimama na hotuba mfukoni. Niliwaza hivi: mimi ni mtoto mkubwa wa kiume, sherehe nimeigharamia mimi, baba hayupo. Nitaonja kwanza, kisha nitatangaza kwamba kesho mama anarudi nyumbani.

Nikainama nikashika mrija.

Mama akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa mtungi, taratibu, kama mtu anayefunika chakula nzi wasiingie.

"Kwani nini?" Mama Brian akauliza. "Amekosa wapi?"

Mama akamjibu yeye, hakunijibu mimi. "Kwetu, pombe anaonja kwanza mwenye nyumba, ili wageni bajue hakuna kitu kibaya ndani. Baba yao alikuwa anaonja. Alipokufa, naonja miye."

"Kumbe. Kwetu mgeni anapewa maziwa, basi, anakunywa."

"Na huyu ni mgeni," mama akasema.

Akauchukua mrija mkononi mwangu. Akainama, na lile joho likaufunika mtungi wote, ukasikia tu sauti ya kuvuta. Alipoinuka alifuta mdomo, akatia mrija wa pili, akanielekezea.

"Karibu, mwanangu. Kunywa. Umetoka mbali."

Wakuu, lile ndilo lilikuwa jibu. Hakuna Mrundi pale ambaye hakulielewa. Nyumba yake ni ile ya udongo ya Misiera, yenye kaburi la mumewe na migomba yake, na binti aliyekwisha kuomba kazi ya ukunga kwenye zahanati ya palepale. Mimi nilikuja kumchukua mwenye nyumba kama mtu anayechukua mzigo.

Nilikunywa. Ilikuwa tamu, na ilikuwa na moshi kidogo, kama ya baba. Kurasa zangu mbili zilibaki mfukoni.

Baadaye watu walipopungua, nilimwambia, "Mama, kile chumba nimekijenga kwa ajili yako."

"Najua. Nitakuja kulala ndani. Nitakuja mgeni, utaonja weye, mimi nitapewa wa pili." Akachungulia ndani ya mtungi. "Lakini utaonja nini? Kule kwako hakuna hata mgomba mmoja."

Kesho yake gari lilikwenda Mutukula likiwa na mimi na suti yangu.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi bado najivunia nyumba yangu, sitaomba radhi kwa bati la bluu. Ila nilidhani kumpa mama chumba ni kumpa nyumbani. Mtu mzima nyumbani kwake ni pale anapoonja kwanza. Ninyi mlio na wazazi mnaotaka kuwahamishia kwenye majumba yenu, kaeni nao kwanza, mtazame nani anakaribisha nani.

Wiki iliyofuata nilichukua nyundo nikavunja zege la nyuma, mita tatu kwa tatu. Mafundi wangu walidhani nimechanganyikiwa. Nimepanda machipukizi matatu ya ndizi za pombe. Moja limekufa, moja linasuasua, moja limefungua jani juzi, nikampigia mama simu kumwambia. Akaniuliza kama nimekula.

Wenye uzoefu wa migomba humu, nisaidieni. Gitega kuna baridi, na udongo wangu ulikaa chini ya zege miaka miwili. Ndizi zitachukua muda gani kukomaa? Kuna mgeni anasubiri.