Ngozi Yangu ya Kulalia

Juzi mjukuu wangu Bocha alikuwa akifunga mkoba kwenye pikipiki yake hapa Garsen, kitanzi kimelika, nami nikakumbuka harufu ya ngozi iliyopakwa samli.

Nilikuwa bado mtoto mdogo, na siku hiyo tulikuwa tunahama, maana mto ulikuwa unapanda. Kwetu Waorma, kufunga nyumba na kuipakia ni kazi ya wanawake. Mama yangu, Dhadho, alikwisha kumpakia maksai vijiti na mikeka, mara kitanzi cha kufungia mzigo kikakatika, vibuyu vya maziwa vikagongana. Shangazi Hawo akacheka, "Dhadho, nyumba yako imechoka kabla ya safari!"

Mama akachukua ngozi yangu ya kulalia, akaikata ukanda pembeni. Nikalia sana, nikidhani huko tuendako mimi sina pahali pa kulala. Leo najua ngozi ile ilikuwa inanizidi urefu.

"Nyamaza, mama," akaniambia, huku akiulainisha ukanda kwa samli. "Bila kitanzi hiki nyumba yote itabaki hapa."

Basi nilimfuata yule maksai mchana kutwa nikikitazama kitanzi changu, nikijiona mimi ndiye niliyeibeba nyumba.

Bocha nilimkatia ukanda wa ngozi.

"Nyanya, hii itashika kweli?"

"Ya namna hii ilishika nyumba, mwanangu."