Wimbo wa Mwisho wa Bendi ya Baba

Wiki iliyopita nilishuka Mukurweini kununua kamba ya ng'ombe, na nikiwa dukani redio ikaanza kuimba kwa sauti ya baba yangu. Muuzaji, kijana mpole, alikuwa akiufuatisha wimbo huku akipima kamba. Nilimuuliza kama anajua anayeimba.

"Ni wale wazee wa kitambo," akasema. "Hiyo ni wimbo ya matanga."

Nilichukua kamba yangu nikatoka.

Wewe uliyekulia huku utakumbuka bendi yao: wanaume wanne, suruali pana, magitaa ya umeme, nyimbo za densi zilizojaza kumbi za Nyeri na Murang'a kila Krismasi. Wengine waliwajua jukwaani. Mimi niliwajua nyumbani, kwa sababu kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walifanya mazoezi kwetu, kwenye banda la mabati kando ya shamba la kahawa. Cucu, mama yake baba, aliwapikia mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, huku akilalamika kwamba kelele zao zinawanyima ng'ombe maziwa. Mimi nilimenya viazi mlangoni, mikono ikiwa kazini na miguu ikicheza. Harufu ya kahawa ilipanda kutoka kiwandani, kali na tamu pamoja, na ngoma zilipokolea sufuria zilitetemeka rafuni. Nilidhani kila nyumba ina bendi.

Cucu alifariki. Kahawa iling'olewa. Wenye harusi wakaanza kuita madijei, na bendi ikabaki kupiga hotelini, mbele ya watu waliokula bila kugeuza shingo.

Ndipo alipokuja mwalimu wa nasari kutoka Gatitu, msichana wa umri wa wajukuu wao. Alikuwa na gitaa kavu, lisilo la umeme, na wimbo aliotunga mwenyewe kwa mtindo wa wanawake wa zamani wakichuma kahawa. Ndani yake mama mmoja anawaita majirani wa ng'ambo ya bonde, jina baada ya jina, na hakuna anayeitika.

Alimwomba baba auimbe na bendi yake, lakini baba alikataa. "Hii ni wimbo ya shamba, mami. Sisi ni watu ya densi."

"Najua, guka," akamjibu, kama anayeongea na babu yake. "Lakini hii inataka mtu ameita watu wake akawakosa. Mimi bado niko na wangu wote."

Mpiga ngoma akaweka vijiti chini, akasema wajaribu bila ngoma.

Waliurekodi kwenye chumba nyuma ya kanisa. Msichana alimwambia baba aweke majina anayoyajua, naye akataja majirani wa utoto wangu mmoja mmoja, na mwisho akamtaja Cucu. Hapo sauti ilimkatika. Waliiacha hivyo hivyo. Wote tulidhani ni uchungu tu. Kumbe uvimbe ulikuwa umeshaanza kooni.

Wimbo huo ulipendwa kuliko yote waliyopiga ujanani, lakini hakuna aliyewaita kwenye sherehe kwa ajili yake. Waliitwa mazishini. Waliupigia watu wasiowajua, kisha wakampigia mpiga ngoma, kisha mpiga solo. Baba wakati huo alikuwa ameshabaki na mnong'ono. Alisimama kando ya kaburi akifungua mdomo, na maneno yakaimbwa na msichana. Zamu ya baba kuzikwa ilipofika, wimbo ulitoka kwenye spika ya kukodi. Nilimsikia baba yangu akiimba huku nikiangalia jeneza lake likishushwa. Tangu siku hiyo siwezi kuusikiliza hadi mwisho.

Nilipotoka dukani sikwenda nyumbani. Nilipanda boda hadi kwa mpiga besi, ambaye ndiye pekee aliyesalia. Alikuwa ameketi uani, gitaa mapajani, halijaunganishwa na chochote. Binti yake alituletea chai. Nilimuuliza mzee kama bado anapiga.

"Kila siku," akasema. "Lakini besi peke yake haina wimbo. Inangojea wengine waingie."

Akapiga noti chache, nzito, za mwanzo wa densi moja ya zamani. Akakomea pale ambapo wenzake walikuwa wakiingia, kichwa ameinamisha, akihesabu kimya kwa kidole. Kisha akaanza tena kutoka mwanzo. Nilikaa naye mpaka chai ikapoa, na kila mara alikomea palepale.