Prezida Asiyejua Kukata

Kwetu neno kukata liko na kazi mbili. Unakata muti kwa mupanga, na unakata maneno kwa kinywa, njo kuamua. Prezida wa chama chetu cha walimaji alikuwa na mupanga mkali kuliko yote ya kilima chetu, lakini hakujua kukata hata kimoja.

Sisemi hivi kwa kumutukana. Alikuwa muntu mpole, mwalimu wa zamani, anakupatia kiti mbele yeye mwenyewe hajaketi. Mimi niliishia mwaka wa tatu wa primaire, kwa sababu mama alizaa mapacha na hakukuwa na muntu wa kuwabeba. Lakini chama kiliponipa kuangalia shamba la mbegu, kazi niliijua. Lilikuwa shamba moja chini ya kanisa, muhogo muzima, majani yamenyooka. Mashamba yetu mengine yote yalikuwa na ugonjwa: majani yanajikunja, na ukichimba unatoa mizizi kama vidole. Vijiti vya kupanda vya shamba lile njo vilikuwa vya kutuokoa.

Wa kwanza wa kuokolewa, kwangu mimi, alikuwa muke wa mutoto wangu. Mutoto wangu alishuka Walikale kuchimba madini, hakuleta habari tena. Muke akabaki na watoto watatu na shamba moja la mteremko, lote bovu. Nilimwambia, "Ngoja. Mvua ya Septemba utapanda vijiti vizima."

Mvua ikaja, Prezida akasema tukate. Tulikata siku nzima, akina mama kumi na wawili, tukafunga mafungu, tukayasimamisha kwenye ukuta wa kanisa. Asubuhi Prezida akaja, akayatazama, akashika kidevu.

"Mama, tungoye kwanza."

"Tungoye nini, Papa Prezida?"

"Agronomu wa Goma aangalie. Na tuandike vizuri liste ya wenye kupewa, watu wasiseme tulipendelea."

Liste iliandikwa mara tatu. Kila asubuhi nilikwenda kwake nikauliza, "Papa Prezida, tufanye nini?" Kila asubuhi akajibu, "Tungoye kwanza." Kijiti cha muhogo kikishakatwa kiko na siku zake, na zetu ziliisha pale ukutani, jua likipiga. Agronomu, mutaalamu wa kilimo, alifika juma la tano. Akachukua kijiti kimoja, akakivunja, kikalia ka! Hakuna hata tone la maziwa, ule utomvu wa kijiti kingali hai.

"Mama," akaniambia, "hivi mupikie maharagi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Na maharagi tuliyapikia kweli.

Muke wa mutoto wangu akapanda tena vijiti vyake vya ugonjwa, kwa sababu hakuwa na vingine.

Mwaka ule nilifikiri sana, jembe mikononi. Nikaona kosa lilikuwa kwenye ulizo langu. Kila nilipomuuliza tufanye nini, nilimufungulia mlango wa kukimbilia. Na hakuwa muvivu yule, alikuwa anaogopea jina lake. Basi Septemba nyingine iliporudi, na mashina ya shamba la mbegu yamechipuka tena, sikuuliza kitu.

"Papa Prezida, kesho misa ikiisha tunakata. Kesho kutwa kila muntu anabeba fungu lake mpaka shambani. Liste ni ile ya mwaka jana. Kama unakataa, kataa sasa."

"Sikatai, Mama. Lakini tukikosea?"

"Ikiharibika, useme njo ule mama asiyesoma aliiharibu."

Niliona mabega yake yanashuka, kama muntu aliyetuliwa gunia la makala ya kupikia.

"Kama unasema hivyo..."

"Nimesema."

Kesho yake alikuja kusimama kando ya shamba, viatu safi. Mama mmoja akamwita, "Papa Prezida, shika basi na wewe mupanga! Kidogo tu, bibi yako asikie!" Akaushika, akapiga kijiti kimoja, kikaanguka. Tukapiga vigelegele. "Leo Papa amekata!" Hata yeye alicheka. Siku ya tatu vijiti vyote vilikuwa ndani ya udongo.

Tangu pale nilifanya naye kazi hivyo hivyo. Mifereji, siku za kulima pamoja, yote nilimuletea siku na saa, pamoja na jina langu la kubeba makosa. Watu wanasema nilimusaidia sana. Ni kweli, nilimusaidia.

Lakini siku ile ya kubeba mafungu, fungu moja lilikosa mwenyewe. Muke wa mutoto wangu alikuwa ameondoka mwezi wa sita. Alichimba shamba lake lote kwa siku moja na hakujaza kitunga. Akapanda moto, pikipiki ya kukodi, na watoto wake, akaenda Pinga kwa kaka zake. Aliniambia, "Mama, uliniambia ningoje, nikangoja." Ningalikata maneno mimi mwaka ule wa kwanza bila kuomba ruhusa, angalikuwa hapa.

Fungu lake nililipanda mimi, kwenye mteremko wake. Leo muhogo ule umekomaa, udongo umepasuka kila shina. Kwenye mkutano wa chama Prezida alisimama akasema, "Mwaka ule tulikata kwa wakati," na watu wakapiga mikono. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyake.

Nilimutuma motari, mwendesha moto wa Pinga: umwambie shamba limezaa, arudi na watoto. Motari alirudi siku ya soko.

"Amesema nini?"

"Amesema, Mama, tungoye kwanza."

Muhogo ukikawia chini unakuwa muti, hautafunwi. Juma hili nimeanza kuchimba shamba lake, mashina mawili mawili. Vijiti nimevisimamisha kivulini nyuma ya nyumba, vimungoje, na kila asubuhi nakwaruza kimoja kwa ukucha, nione kama kingali na maziwa.