Nyuzi Nne Nilizozikaza Mwenyewe

Mimi ni mpiga besi, lile gita la nyuzi nne nene. Watu wengi hawajui besi ni nini, hata wale waliocheza kwa besi yangu mpaka soli za viatu zikabanduka. Wanamwona mwimbaji, wanamwona mpiga solo anavyokunja uso kama mtu anayeng'olewa jino. Mimi wananiona wakati wa kubeba spika. Lakini nikinyamaza katikati ya wimbo, viuno vinasimama na watu wanatazamana kama umeme umekatika. Hapo ndipo wanapogeuka kunitafuta.

Nimesoma mpaka darasa la tatu, na silisemi hilo kwa kuona haya. Kazi yangu ni kusaga nafaka. Nina mashine mbili hapa Makole. Nilianza na moja ya dizeli, niliyokuwa naifungua na kuifunga mwenyewe mpaka kila boliti nikaijua kwa kuigusa. Nyumba nimejenga, watoto wamesoma, na muziki napiga kwa kupenda. Mazoezi yetu ni Jumamosi mchana, ndani ya stoo ya mashine. Tukitoka humo, wote tuna mvi za unga.

Besi yangu niliinunua kwa bendi iliyokuwa imevunjika. Ilikuja na nyuzi nne zimelegea kama kamba za kuanikia nguo, na aliyeniuzia alikuwa mpiga tumba, hakujua zinakazwaje. Nikaifunga kwenye shuka, nikapanda basi mpaka kijijini kwa mjomba wangu. Mjomba alikuwa anapiga ilimba, lile sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, na kwetu Ugogo sikupata kumsikia aliyempita. Hakuwahi kushika gita. Aliikagua besi mbele na nyuma, akaiegesha ukutani, kisha akachukua ilimba yake na kubonyeza chuma kimoja.

"Kaza huo mnene mpaka useme hivi."

Nikakaza. Akabonyeza cha pili. Nikakaza. Jua lilipoanza kulala, nyuzi zangu nne zilikuwa zinasema kama vyuma vinne vya mjomba. Akaridhika, akaomba tumbaku.

Hiyo ndiyo shule yangu yote ya muziki. Nyuzi zilipolegea nilizirudisha kwa sikio, na sikio langu halisahau. Nikajitafutia njia za vidole, wimbo mmoja baada ya mwingine, na nikawa napiga vibao vyote vya harusi, vya vipaimara na vya mahafali. Wapigaji wa bendi nyingine wakiomba kuijaribu besi yangu, walikuwa wanaishika kidogo tu wanairudisha huku wanatikisa kichwa. Mimi nilidhani ni heshima.

Kiongozi wa bendi yetu ndiye mpiga solo. Ni Mrangi wa Kondoa, ana duka la vifaa vya ujenzi, na tumepiga pamoja tangu wote wawili tukiwa na nywele. Yeye huniita Mgogo, mimi humwita Mrangi, na matusi yetu mengine hayafai kuandikwa.

Halafu akaja mpiga kinanda. Ni mtumishi wa serikali aliyehamia hapa na ofisi yao, mtu aliyekulia kwenye kinanda cha kanisa, anasoma muziki kwenye karatasi kama wewe unavyosoma haya. Siku ya kwanza alinipa shikamoo kwa mikono miwili na akanipokea amplifaya. Nikampenda. Tukapiga wimbo mmoja. Alikuwa anakunja uso, lakini si kama wapiga solo. Alikunja kama mtu aliyetafuna ndimu.

"Mzee wangu, samahani," akasema. "Naomba uzi wa pili peke yake."

Nikaupiga. Akabonyeza kitufe kimoja cha kinanda, akabonyeza na cha jirani yake.

"Uko katikati. Umepita hii, haujafika hii. Kama mtu aliyesimama mlangoni, haingii wala hatoki."

Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Besi hii ilikuwa inachezesha watu wewe ukiwa mgongoni kwa mama yako," nikamwambia. "Kama hazipatani, badilisha kinanda."

"Nikikipeleka kwa uzi wa pili, wa tatu utakataa, mzee. Nyuzi zako hazijakaa kama za besi nyingine. Kila mmoja una kwake."

Nikamgeukia mpiga solo. "Mrangi, mwambie huyu."

Yeye alikuwa anafuta gita lake kwa kitambaa, na gita lilikuwa safi.

"Kaka," akasema. Nikajua mambo ni mabaya, maana hakuwahi kuniita kaka. "Anasema kweli. Inachacha."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mimi huwa navuta uzi kidogo kwa kidole, nakufuata ulipo. Nimezoea, wala siwazi tena."

Angenitukana ningejua la kumjibu. Miaka yote ile, mtu ananibeba kwa kidole kimoja na hasemi! Nimekula kwake, amekula kwangu, tumezikiana wazazi, na hili amelificha. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Ulikuwa na furaha, Mgogo. Na watu walikuwa wanacheza."

Tulikuwa na harusi Chamwino baada ya wiki tatu. Mpiga solo akaniambia taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa uji, kwamba siku hiyo mkono wa kushoto wa kinanda ungepiga besi. Mimi niende kama kawaida, nikae nao.

"Nikae nanyi nafanya nini? Napiga makofi?"

Mrangi akarudi kufuta gita lake.

"Nipeni hizi wiki tatu," nikasema. "Zikiisha na bado nachacha, msinihurumie. Sitakaa nanyi wala sitakaa na wageni. Nitabaki hapa nasaga."

Wakakubali. Nikamwita mpiga kinanda pembeni, nikamwambia anibonyezee zile sauti nne za besi ya watu wote, nikazirekodi kwenye simu. Hilo lilikuwa gumu kuliko kubeba gunia. Nimeajiri watu, nimefukuza watu, sijazoea kumwomba mtu wa umri wa mwanangu anionyeshe kitu. Lakini kwenye mashine nimejifunza jambo moja. Mkanda ukikaa vibaya, unauvua na kuufunga upya. Kuutazama kwa hasira hakusagi mahindi.

Kesho yake nikaulegeza uzi wa mjomba, nikaukaza kwa sauti ya simu. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani huyo analia kwenye simu?"

"Mwalimu wangu."

"Mwalimu gani hana neno ila mmoo, mmoo?"

Akaondoka anacheka. Nikakaza zote nne, nikapiga wimbo ninaoujua kuliko jina langu. Ikatoka takataka. Vidole vilikwenda vilikozoea, na huko vilikokwenda hakukuwa na mtu. Nikarudia. Takataka tena. Ni kama kurudi nyumbani ukakuta watu wamehamisha milango yote.

Nikafanya hivi: kila asubuhi nilibeba besi mpaka kwenye mashine, nikakaa juu ya gunia la pumba, na wateja walipokuwa wanasubiri unga wao, mimi nilikuwa natafuta milango. Wimbo mmoja mpaka ukae, ndipo mwingine. Kelele ya mashine ilikuwa kubwa, kwa hiyo niliegemeza besi kifuani niisikie kwa mifupa. Mashine ilipozimwa, kila mtu alisikia aibu yangu. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameleta uwele, alisikiliza sana, kisha akasema:

"Baba, huo wimbo naujua. Lakini leo unachechemea. Umegongwa na nini?"

"Chekecha unga wako, mama."

"Nachekecha. Na wewe chekecha huo."

Wote pale wakaangua kicheko, na mimi pia. Tangu siku hiyo alikuwa akija ananiuliza mgonjwa anaendeleaje.

Nilimfikiria mjomba sana siku hizo. Mjomba hakukosea. Kwenye ilimba yake kila chuma kilikuwa mahali pake, na alinipa alichokuwa nacho. Niliyekosea ni mimi, kwa kutouliza tena. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa huo: akishaona kitu kinakwenda, anadhani kinakwenda sawa. Nauandika ugonjwa huu kwa mkono wangu kwa sababu nimepona. Vidole viliota sugu mpya juu ya sugu za zamani. Wiki ya tatu, mke wangu aliniletea chai kwenye mashine, akakaa, akaanza habari za jirani, akaongea mpaka chai ikapoa. Kisha akashtuka.

"Kumbe unapiga! Nilikuwa nimesahau."

Nimesifiwa na waheshimiwa waliovaa tai. Hakuna sifa iliyonikaa kama hiyo.

Siku ya harusi Chamwino upepo ulikuwa unapandisha vumbi mpaka kwenye masufuria ya pilau. Tukafunga vyombo chini ya turubai, saa nane mchana. Mpiga kinanda alinisalimia kwa adabu yake yote, lakini mkono wake wa kushoto aliuweka upande wa sauti nzito, vidole vimekunjwa tayari. Sikumlaumu. Makubaliano yalikuwa hayo: nikikosea, anaingia.

Wimbo wa kwanza nikaupita. Wa pili nikaupita. Kisha ukaja wimbo wa zawadi. Yeyote aliyepiga harusi za huku anaujua mtihani huo. Mashangazi wanakuja wanacheza na mabeseni na vitenge kichwani, hatua mbili mbele, moja nyuma, na hawana haraka hata kidogo. Wimbo hauruhusiwi kuisha mpaka foleni iishe. Foleni ile ilitoka chini ya turubai, ikapita jikoni, mkia wake ulikuwa barabarani. Tulipiga mpaka jasho likaniingia machoni. Nikafikiria jasho. Nilipofikiria jasho, vidole vikakimbilia njia ya zamani.

Sauti moja ndefu, chachu kabisa, ikatoka kwenye spika.

Nikaona mkono wa kushoto wa kinanda unashuka. Na palepale nikasikia solo inapanda kidogo kunifuata. Mrangi alikuwa ameinamisha macho, kidole kinavuta uzi, ananibeba tena kama alivyozoea.

"Acha!" nikampigia kelele. "Usinifuate! Kaa kwako!"

Akashtuka, akaachia uzi, sauti yake ikarudi mahali pake. Nikaipanda ile sauti yake kama mtu anayedandia lori linalokwenda. Uzi wa pili, chuma cha tatu cha shingo ya besi. Hapo. Mkono wa kushoto wa kinanda ukasita hewani. Shangazi aliyekuwa mbele na beseni hakujua lolote. Alishuka mpaka chini na kupanda, na kiuno chake kilikuwa changu. Mpiga kinanda akauondoa mkono, akatoa leso, akajifuta shingo. Mkono huo haukurudi kule kwenye sauti nzito mpaka harusi ikaisha. Foleni ilipokwisha, tulikuwa tumeupiga wimbo mmoja kwa muda wa kusaga gunia zima.

Tukala pilau na mchanga wake. Wakati wa kukunja nyaya, nilimsubiri mpiga kinanda aniambie neno. Hakuniambia. Alimwendea mpiga solo, amesimama vizuri, mikono nyuma.

"Kaka, samahani," akasema. "Nyimbo za mwisho, solo ilikuwa inapanda kidogo. Si sana. Kama inachacha."

Mrangi akamtazama, akautazama mkono wake mwenyewe kama umeletwa na mtu mwingine.

"Ni kidole hiki," akasema. "Kimezoea kumvutia Mgogo. Sasa Mgogo hayupo kule, chenyewe bado kinakwenda."

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya spika. Mpiga kinanda hakujua kama anaruhusiwa kucheka, akainamia nyaya, mabega yakimtikisika.

"Tufanyeje sasa?" Mrangi akauliza, na hakuwa anatania.

"Mpeni wiki tatu," nikasema. "Na asubuhi aje kwenye mashine. Gunia la pumba lipo."

Akanitukana kwa Kirangi. Jumatatu, saa mbili kamili, nikamwona anashuka kwenye bodaboda na gita lake mgongoni.