Maisha ya Mama Pindo, Aliyekula Jumamosi

Alizaliwa wiki ya kwanza ya Kwaresima, mwaka ambao mvua ziligoma kukatika, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mtoto wa mwisho wa mama mfua nguo na baba mlinzi wa ghala. Wanaopenda kupamba husema kwamba mtoto yule alikataa ziwa siku za Ijumaa. Si kweli. Dada zake walio hai wanasema alinyonya Ijumaa na siku nyingine zote, tena akicheleweshewa mtaa mzima ulijua. Tunaanza na hilo makusudi, kwa sababu maisha ya mwanamke huyu yaliharibiwa na sifa ambazo hakuwa nazo, na sisi hatutaki kumwongezea nyingine akiwa kaburini.

Alipomaliza shule ya msingi alichukuliwa na shangazi yake, fundi cherehani, aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko. Huko alijifunza kukata, kushona, na zaidi ya yote kufumua. Shangazi alikuwa na neno lake alilolirudia kila binti alipojaribu kuficha kosa: "Mshono mbaya haufichwi kwa pasi. Fumua." Binti akafumua. Akawa fundi wa mapindo kiasi kwamba watu walimletea nguo zilizoshonwa na wengine, awamalizie chini tu, na hivyo akaitwa Mama Pindo kabla hajaolewa. Wito wake ulimjia Jumapili moja kanisani, alipoona kitambaa cha altare kimepanda upande mmoja. Hakuweza kusali misa nzima. Ilipokwisha akaenda sakristia akaomba apewe kile kitambaa akakirekebishe nyumbani, na tangu siku hiyo vitambaa vya altare vikawa kazi yake bila malipo, na benchi la mbele upande wa kushoto likawa mahali pake, aweze kuliangalia pindo huku akisali.

Aliolewa na fundi viatu wa kibanda cha jirani, mtu wa maneno machache ambaye hata mkewe alimwita Fundi. Pamoja na mume alipata wifi, dada pekee wa Fundi, muuza vitunguu, mwanamke mwenye ugonjwa wa sukari na mdomo usio na kifuniko. Wawili hao walipendana kwa matusi. Mtoto hakuja. Miaka ilipita, badala ya mimba kukaja uvimbe katika kizazi, na damu ikawa inamtoka mpaka anashika ukuta akitembea. Daktari akasema uvimbe utolewe.

Upasuaji wenyewe ulikuwa wa kawaida. Daktari alisema hivyo, muuguzi akasema hivyo, hata mfagizi wa wodi alimwambia asijitie presha, wanawake huingia leo na baada ya siku chache wako sokoni wanagombania bei. Alikwenda Jumanne moja ya mwezi wa nane, akaacha kitambaa cha altare mezani, pini zikiwa bado zimechomekwa, maana alitarajia kurudi kukimalizia. Uvimbe ulitolewa. Ila katika kuutoa, kisu kiligusa utumbo na hakuna aliyeona. Tumbo likajaa, homa ikapanda, akaanza kuongea na marehemu shangazi yake, na alipofunguliwa mara ya pili ndani kulikuwa kumekwisha haribika. Wakakata sehemu ya utumbo, na ncha iliyobaki wakaitolea ubavuni, upande wa kushoto. Kinyesi kikawa kinatoka hapo bila ruhusa yake na kuingia katika mfuko wa plastiki uliobandikwa kwenye ngozi. Daktari alikuja akasimama miguuni pa kitanda akasema ni bahati mbaya, hutokea. Mama Pindo, sauti ikiwa bado haijamrudia sawasawa, akamuuliza, "Hutokea kwa nani?" Daktari akasema pole, utumbo utarudishwa ndani baada ya miezi michache, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nyumbani walikuwa na vyumba viwili, cha kulala na cha mbele chenye cherehani. Mfuko ulikuwa na kibandiko ambacho kilipaswa kutobolewa tundu la kuuzunguka ule utumbo; likiwa kubwa, kinyesi huunguza ngozi, likiwa dogo, hubana. Mikono ya Mama Pindo, iliyoweza kukata kola bila kupima, ilishindwa kazi hii. Fundi akachukua kisu chake cha kukatia soli, akakichemsha, akakata lile duara. Tangu siku hiyo ikawa kazi yake. Alijaribu pia kumsaidia kushona, kwa kuwa kukanyaga cherehani kulimvuta kidonda: yeye azungushe gurudumu kwa mkono, mkewe aongoze kitambaa. Mstari ulienda mrama, wakafumua, ukaenda mrama tena. Mwisho Mama Pindo akamwambia aifunike mashine. Kitambaa cha altare kilibaki kwenye meza mpaka pini zikashika kutu.

Wageni walikuja, kama ilivyo wajibu. "Habari za leo, mama?" Nzuri. "Unaendeleaje?" Vizuri, tunamshukuru Mungu. Wakati akijibu hivyo mfuko uliweza kunguruma chini ya shuka, na wote waliangalia dari. Ni wifi peke yake aliyeuliza kulikoni. Aliingia, akavuta hewa, akasema, "Wifi, mtaa mzima umeushona wewe, kumbe mwenyewe umeenda kushonwa na mwanagenzi." Mama Pindo akacheka mpaka akashika tumbo, kisha kicheko kikageuka kilio, na wifi akapanda kitandani na viatu vyake akamkumbatia. Wengi hukiacha kipande hiki wanapomsimulia, wakidhani hakimfai mtakatifu. Sisi tunaamini kwamba hiyo ndiyo sala ya mwisho iliyomtoka kwa urahisi.

Alitamani kanisa. Lakini mara ya kwanza aliyokwenda, mfuko ulivuja wakati wa mageuzo, padre akiinua mkate, kanisa zima likiwa kimya, na harufu ikalifuata benchi mpaka mwisho. Watu walisogea kidogo kidogo, kwa adabu, na adabu ile ilimuumiza kuliko kisu. Wiki iliyofuata akagundua njia: asipokula kuanzia Ijumaa usiku, Jumapili asubuhi hakuna kitakachotoka. Basi Jumamosi hakula, wala hakunywa ila maji ya kulowesha midomo. Akaenda misa akiwa mkavu na mwenye kizunguzungu, na hakunuka.

Sasa sikilizeni kosa lilivyoingia. Katika jumuiya yao, Mwenyekiti, mwalimu mstaafu na mama wa sala nyingi, alifika Jumamosi na sahani ya chakula akakuta haikuguswa. Jumamosi ya pili vilevile. Ya tatu akasimama mbele ya jumuiya akatangaza kwa machozi kwamba Mama Pindo, pamoja na mateso yote yale, anafunga kila Jumamosi kwa ajili ya wagonjwa. Watu wa jumuiya ile walikuwa hivyo: wakiona mwenzao hali chakula, hawafikirii njaa wala hofu, wanafikiria mfungo. Kina mama wakaanza kufunga naye. Wakauita Mfungo wa Mama Pindo. Wakaja kumshika mkono, wakamwomba awaombee, na wale waliosogea kwenye benchi wakarudi. Naye akanyamaza. Alijua kwamba ni uongo. Lakini aibu yake ilikuwa imepewa jina zuri, na mtu aliyekwisha vuliwa nguo mbele ya watu hakatai shuka kwa kuwa si lake.

Baada ya Pasaka alirudi hospitali kwa ajili ya kurudishiwa utumbo. Wakampima, wakaambiana kwa macho, kisha wakamwambia kwamba ndani kumeshikana mno na haitawezekana. Mfuko ungekuwa wake mpaka kufa. Alirudi nyumbani akalala akiangalia ukuta. Alimwambia paroko kwamba akisema Baba Yetu, maneno yanafika kwenye meno na kugeuka. Hakutaka kuishi. Hatusemi hili kwa kudokeza. Alilisema mwenyewe, waziwazi, kwa mumewe, naye Fundi akaendelea kukata duara kwa sababu hakujua jambo lingine la kufanya.

Wifi alipojua kwamba utumbo haurudi, aliacha utani. Akaanza kufunga Jumamosi, kwa siri, akimwombea wifi yake. Alijichoma sindano yake ya kushusha sukari asubuhi kama kawaida, kisha asile. Mama Pindo aliliona. Alimwona Jumamosi moja amekaa mlangoni, jasho linamtiririka, akamwambia, "Wifi, kale, wewe una sukari." Wifi akajibu, "Wewe uliyepasuliwa mara mbili unafunga, mimi nani?" Neno la kweli lilikuwa palepale kinywani mwa Mama Pindo. Akalimeza. Jumamosi iliyofuata wifi alijichoma sindano, akafunga, akajilaza kupumzika, na majirani walipomgusa jioni alikuwa hazinduki. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, kabla ya Majilio.

Baada ya maziko jumuiya ilikusanyika katika chumba cha mbele, karibu na cherehani iliyofunikwa. Mwenyekiti akasema kwamba marehemu amekufa katika sala, na kwamba njia bora ya kumuenzi ni kuupeleka Mfungo wa Mama Pindo parokia nzima. Watu wakasema amina. Mama Pindo akasimama, mkono wa kushoto umeubana mfuko.

"Sikufunga," alisema. "Hata siku moja. Nilikuwa naogopa kunuka."

Mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Kaa mama, una uchungu."

"Nina uchungu, na ninachosema ni kweli. Nina mfuko wa mavi hapa ubavuni. Nikila Jumamosi, Jumapili nanuka, nanyi mnasogea. Mliponiita mtu wa Mungu nikaona bora hilo kuliko lile jingine, nikanyamaza. Wifi yangu amekufa kwa aibu yangu. Nendeni mkale."

Fundi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliinuka akatoka nje. Marehemu alikuwa dada yake pekee.

Kwa Majilio yote Fundi hakuzungumza na mkewe. Alichemsha kisu, akakata duara, akaliweka kitandani, akaenda kibandani kwake. Paroko alimwondolea Mama Pindo dhambi zake. Baadaye Mama Pindo alimwambia kwamba maneno aliyasikia ila hakuhisi kitu. Aliacha kula kabisa, si kwa ajili ya Jumapili tena. Ndipo Jumamosi ya mwisho kabla ya Noeli Fundi akaingia na sahani ya wali na maharage, akaiweka mapajani mwake, na kusema maneno ya kwanza tangu maziko: "Kula wewe. Yeye hawezi tena." Akasimama pale mpaka sahani ikaisha. Mama Pindo alikula huku analia, na chakula, alisema, hakikuwa na ladha yoyote.

Kuanzia hapo kila Jumamosi aliweka kigoda mlangoni, mahali ambapo wapita njia wote walimwona, akala sahani yake mpaka mwisho. Mfungo ukafa. Na Jumapili alikwenda benchi la mbele, kushoto, na alinuka. Watu walisogea. Fundi, ambaye zamani alipenda kusimama nyuma karibu na mlango, akawa anakaa ubavuni pake, upande wa mfuko. Miezi mingi walikuwa wawili tu kwenye benchi zima. Kisha akaja mwanamke aliyekuwa akivuja mkojo tangu ajifungue, aliyekuwa hajaonekana kanisani miaka, akaketi bila kusalimia. Kisha mzee mwenye donda la mguu. Kisha wengine. Mama Pindo hakuwafundisha lolote. Aliwashonea vifuniko vya kitambaa na mikanda ya kushikilia nguo za ndani, Fundi akizungusha gurudumu, mistari ikienda mrama, naye safari hii hakufumua.

Alifariki miaka michache baadaye, wiki ya pili ya Kwaresima, utumbo ulipojifunga na madaktari wakashindwa kuufungua. Paroko alipomletea mafuta ya wagonjwa alimuuliza kama tunavyoulizana sote, "Habari yako, mama?" Akajibu, "Mbaya, Baba. Kaa." Paroko akakaa. Hakuna neno jingine lililosikika kutoka kwake.

Kanisa halijamtangaza chochote, nasi hatulitangulii. Ipo hadithi kwamba alipokata roho chumba kilijaa manukato. Waliomwosha wanasema kilinuka kama siku zote. Ipo nyingine kwamba alikufa akitabasamu. Fundi, aliyemfumba macho, anasema hapana. Hatukupata ushahidi wowote kwamba faraja ilimrudia. Tulichokipata ni hiki: benchi la mbele upande wa kushoto halijawahi kuwa tupu Jumapili yoyote tangu azikwe, na Jumamosi inayotangulia siku ya kifo chake, ijapokuwa ni Kwaresima, watu wa jumuiya ile huenda kwa wagonjwa na chakula na kula nao. Fundi bado anakata maduara, kwa yeyote anayemletea kibandiko.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, hutaombwa mfungo wala mshumaa. Utakapokwenda kumwona mgonjwa nyumbani kwake, naye akakwambia habari ni nzuri, usishukuru ukaondoka. Vuta kiti, na uulize tena.