Mbunge wa Ghala la Kungumanga

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu. Philberta Cadore anafunga aproni, anavuta kigoda chake mbele ya meza ndefu na kuzamisha mikono katika rundo la kungumanga. Nzima kulia, zilizopasuka kushoto, zilizoliwa na wadudu kwenye ndoo miguuni. Vidole vinakwenda vyenyewe, macho yako kwingine.

Mwanamke wa meza ya pili anamrushia neno. "Mheshimiwa, umechelewa dakika mbili. Nikuandike?"

"Niandike. Na ukishaniandika, njoo ufagie hapa chini, maana tangu Ijumaa umetuachia jaa."

Ghala zima linaangua kicheko. Yeye hacheki, ila mabega yanamtikisika.

Huyu ndiye mbunge wa Anse Modeste, pwani ya magharibi ya kisiwa cha Sent Odil. Ana miaka hamsini na tisa. Mwaka jana wakati kama huu alikuwa Waziri wa Kilimo, na akishuka garini hufunguliwa mlango. Leo ndiye mbunge pekee nchini asiye na chama. Siku za Bunge yuko mjini. Siku nyingine yuko hapa, kwa dola hamsini na mbili kutwa, ujira ule ule wa kila mwanamke anayechambua kungumanga mezani pale.

"Wanasema natafuta huruma," anasema. "Huruma ya nani? Kazi hii naijua kuliko wao wanavyozijua za kwao."

Ameijua tangu akiwa na miaka kumi na sita. Mama yake, Ismene, alikuwa hapa kabla yake. Enzi hizo wanawake walifanya kazi wamesimama saa tisa mfululizo, na aliyeegemea ukuta alikatwa ujira.

Mwaka wake wa sita, mwenzake aliyeitwa Lucita, mjamzito wa miezi saba, alianguka mezani. Msimamizi aliagiza asogezwe pembeni ili kazi iendelee. Lucita alipona, na mtoto pia, lakini Philberta, ambaye wote humwita Berta, hakulala vizuri.

Kesho yake alikuja kazini na kigoda cha kwao kichwani.

"Msimamizi akaniuliza, 'Nani kakuruhusu?' Nikamwambia, miguu yangu. Akakitupa nje. Nikaenda kukiokota, nikakaa. Akakitupa tena."

Siku iliyofuata viliingia vigoda vitatu. Ilipofika Ijumaa, wanawake arobaini na mmoja walikuja kila mtu na chake. Mmoja alibeba kiti cha jikoni cha mama mkwe wake, naye mama mkwe akimfuata nyuma akimtukana njia nzima, mpaka alipofika getini, akaona mambo yalivyo, akageuza matusi yake kwa msimamizi.

Ghala lilifungwa siku kumi na moja. Lilipofunguliwa, kila meza ilikuwa na viti. Lucita, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu sita, anasema: "Berta hakutuhutubia hata siku moja. Alikaa tu. Na sisi tukakaa."

Wanawake wakamfanya kiongozi wa chama chao cha wafanyakazi. Huenda angeishia hapo, kama kisingekuja kimbunga. Kiliangusha mikungumanga tisa kati ya kila kumi, na ghala likawa tupu. Watu walianza kufunga masanduku.

Berta alizunguka shamba kwa shamba na miche ndani ya kapu, akiwabembeleza wakulima wapande upya, na mti huo huchukua miaka saba kabla ya kuzaa. Wanaume walimcheka. Mmoja alimuuliza, "Miaka saba hiyo, Berta, nitakula nini?"

"Utakula shelisheli kama sisi sote," alimjibu. "Au wewe una tumbo la pekee?"

Walipanda. Wachache kwanza, kisha wengi. Chama cha Mapambazuko, kilichokuwa kikitafuta mtu wa kumsimamisha Anse Modeste, kilimjia na kofia mkononi. Alishinda mara mbili, na mara ya pili akapewa uwaziri.

Ndipo ukaja muswada. Serikali ilitaka kuikabidhi kampuni ya hoteli kutoka nje ardhi yote kuanzia ghala mpaka ufukweni, kwa miaka tisini na tisa. Kwa kuwa ardhi ilikuwa chini ya wizara ya Berta, yeye ndiye aliyetakiwa kuuwasilisha. Alipinga katika vikao vitatu vya mawaziri. Katika cha mwisho, anasema, Waziri Mkuu alimsemesha kwa upole kama mgonjwa: "Berta, ni karatasi tu. Usome, ukae."

Siku ya kikao cha Bunge alisimama, akafungua jalada, akasoma kichwa cha muswada. Kisha akalifunga.

"Mheshimiwa Spika, huu sitausoma. Mama yangu alifanya kazi kwenye lile ghala miaka thelathini na moja. Anayetaka kuusoma, aje auchukue hapa nilipo."

  Waliokuwapo wanasema hakuna aliyethubutu kuvuka ukumbi kwenda kulichukua jalada lile, mpaka Spika akaahirisha kikao.

Nje, dereva wake, Cuthbert, alikuwa amesimama kando ya gari jeusi, machozi yanamtoka. "Shangazi, nimepigiwa simu. Nimeambiwa nisikupakie."

"Usilie, baba. Wamechukua gari. Miguu wameniachia."

Alivua viatu vya kisigino akashika njia ya nyumbani. Alitembea kilomita nne kabla ya gari la mkate kumwokota. Alifika Anse Modeste amekaa kati ya makreti, unga mpaka kwenye nyusi.

Angeweza kubaki na kiti chake cha ubunge. Alikiachia. "Walinichagua nikiwa na chama. Nikaona niwaulize upya."

Chama kikamjibu, katika uchaguzi mdogo aliogombea bila chama, kwa kumsimamisha Rhona Cadore, mwalimu wa miaka thelathini na tatu. Rhona ni mtoto wa dada yake. Berta amemlea tangu akiwa na miaka mitano, mama yake alipokwenda Trinidad kutafuta maisha. Wanaishi ua mmoja, na jiko ni moja.

"Watu walidhani nimenunuliwa," anasema Rhona, akiwa shuleni kwake. "Mimi kila Juni nawaaga wanafunzi wangu bora, wanapanda ndege. Hoteli ingewapa kazi mia mbili. Mama mdogo anayaona mashamba. Mimi naviona viti vitupu darasani."

Wiki tatu walipika kwa zamu bila kusemezana. Mara moja tu Berta alivunja kimya. Rhona alikuwa akikoroga chai ya kakao.

"Rhona, hizo kazi mia mbili, wewe ungeifanya hata moja?"

"Na wewe, mama mdogo, hizo kungumanga, ulitaka mimi nizichambue?"

"Sikutaka."

"Basi."

Berta anakiri kwamba swali lile lilimchoma kuliko yote aliyoulizwa katika kampeni. "Nililala nalo. Lakini asubuhi niliamka bado sitaki ardhi yetu iende."

Alishinda kwa kura ishirini na saba. Asubuhi ya matokeo, Rhona alimwekea mezani sahani ya shelisheli la nazi na nyama ya chumvi, akaketi mkabala naye.

"Nilimpinga, na nitampinga tena," anasema Rhona. "Lakini nani alikwambia nimehama jiko?"

Mwezi ujao muswada unarudi bungeni, na serikali ina kura za kuupitisha. Berta analijua hilo. Ila amezisoma kanuni za Bunge ukurasa kwa ukurasa, akagundua jambo. Muda wa kuzungumza hugawiwa kwa vyama. Kuhusu mbunge asiye na chama, kanuni hazisemi lolote, wala hazimwekei kikomo cha kuzungumza. Ofisa mmoja wa Bunge, aliyeomba asitajwe jina, alikuna kichwa alipoulizwa. "Hatukuwahi kuwa na mtu kama huyo," alisema.

Kwa hiyo Berta amenunua madaftari. Kila anayefanya kazi ghalani, na kila mkulima aliyepanda baada ya kimbunga, anaandikiwa maneno yake mwenyewe. Wamefika mia moja na kumi na wawili. Rhona ndiye anayesahihisha maandishi. "Kama ni lazima asome," anasema, "asome kitu kilichoandikwa vizuri."

"Nitasoma mmoja baada ya mwingine," anasema Berta. "Nitaanza asubuhi. Wakitaka kwenda kula, waende, watanikuta. Na hoteli ikitaka kujenga kwingine, nitawapeleka mwenyewe kuwaonyesha pahali. Hapa, hapana."

Upande wa pili wa ghala, mtu anawasha mashine ya kubangua, na mngurumo wake unajaa chumba mpaka meza zinatetemeka. Mwandishi analazimika kupaza sauti: je, wakimzimia kipaza sauti bungeni?

Berta haachi kuchambua. Anazungumza katikati ya ule mngurumo wala hapigi kelele, na kila neno linafika.

"Miaka arobaini na mitatu nazungumza na wenzangu mashine hii ikinguruma. Wazime."